Kati ya Mabamvua Mawili

Mama alihesabu mwezi kabla mimi sijahesabu fedha. Nilipomwambia nataka tusafiri sote wawili, twende mahali tukapumzike, hakuuliza wapi wala nauli kiasi gani. Alitoka uani, akatazama juu, akarudi ndani na jawabu: tuondoke mwezi ukiwa na siku kumi na nane, na ukifika siku ya ishirini na saba awe keshalala nyumbani kwake. Siku hizo za katikati maji ni mafu, hayapwi vya kutosha mtu kuufikia mwani wake. Bamvua, yale maji makubwa, likirudi naye yuko bara, mwani uliokomaa utakatika, mkondo utauchukua, na wiki sita za kazi zitakwenda nao.

Sisi ni watu wa Jambiani, pwani ya kusini mashariki ya Unguja. Kilimo cha mwani kiliingia upande wetu mwaka 1989, na mama hakukawia kukiingia. Mpaka leo anafunga vipande vya mwani kwenye kamba kwa tai-tai, anakaza kamba kwenye vigingi, anang'oa majani ya bahari yanayousonga mwani, anavuna, anajitwika gunia linalovuja maji ya chumvi usoni mwake. Siku hizi maji ya ufukweni yamezidi joto, na ile aina ya mwani yenye bei nzuri inakufa mapema. Anayeitaka aifuate kwenye kina kirefu, na wanawake wengi wa rika lake hawajui kuogelea. Kwa hiyo bahari, kwa mama, ni shamba. Ina palizi yake, ina wadudu wake, ina mwaka mbaya na mwaka mzuri.

Mimi nafanya kazi mapokezi katika hoteli iliyo hatua kama mia tatu kutoka kwenye kamba zake. Nimekaa pale mwaka wa tisa sasa. Wageni wanapoketi kutia saini fomu huwa wanaiona bahari nyuma yangu, na wanawake walioinama ndani yake kwa mbali, na wengi huniuliza swali lile lile: nyinyi mnaoishi hapa, mkitaka likizo mnakwenda wapi? Wanauliza kwa wema. Machoni mwao mtu aliyekwishafika mahali kama hapa hana tena pa kwenda. Kwa miaka mingi nilijibu kwa tabasamu tu, kwa sababu jawabu la kweli lilikuwa refu na foleni ilikuwa inasubiri.

Jawabu hilo linaanzia kwenye mvua. Masika ya Aprili na Mei ndiyo likizo yetu, ikiwa twaweza kuiita hivyo. Kaskazi imekufa, kusi haijasimama vizuri, mawingu yanalala juu ya minazi, na hoteli nyingi za pwani hii zinafunga milango. Magodoro yanasimamishwa ukutani yasiote ukungu. Mafundi wanapanda kuezua makuti yaliyooza. Bwawa la kuogelea linakuwa kijani. Sisi wafanyakazi tunagawanywa: wachache wanabaki kulinda na kufagia, waliobaki wanaambiwa wakapumzike, na katika sehemu niliyoanzia kazi mapumziko hayo hayakuwa na mshahara. Nakumbuka mwaka wangu wa kwanza nilivyokaa barazani kwetu miezi miwili nikitazama mvua, nimepumzika mwili, na kila jioni napiga hesabu ya unga. Hapo nilipo sasa tunalipwa nusu. Nusu hiyo ndiyo iliyonipa wazo la safari.

Kabla ya kufikiria bara niliwahi kujaribu kupumzika hapa hapa kisiwani. Miaka minne iliyopita nilimchukua mama siku ya pili ya Idi, nikataka tukale chakula cha mchana kwenye hoteli moja ya upande wa kaskazini, mahali nilipokuwa nimesikia sifa zake. Nilikuwa nimeweka fedha. Tulivaa vizuri. Getini mlinzi alitusimamisha akauliza tunakwenda kwa nani. Nikamwambia hatuendi kwa mtu, tunakwenda kula. Akauliza mara ya pili, kwa upole kabisa, tunakwenda kumwona nani wa jikoni. Alipiga simu, tukasimama juani, na baada ya muda tukaruhusiwa. Chakula kilikuwa kizuri. Mama hakula zaidi ya vijiko vitano. Alikaa kitako kwenye ncha ya kiti, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Sikumlaumu mlinzi yule, kijana wa watu kama sisi. Lakini nilifahamu siku ile kwamba katika kisiwa chetu kuna milango ambayo tumezoea kuipita tukiwa tumebeba kitu.

Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000 kutoka nje. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu wenyeji 1,889,773, watoto wachanga wakiwemo. Kwa hesabu hiyo kuna "karibu" nyingi sana zinazotoka vinywani mwetu kila siku, na nimezitoa nyingi kwa mdomo wangu mwenyewe: karibu, safari ilikuwaje, chumba chako kiko tayari, pole na joto. Nazitoa kwa moyo. Kazi hii naipenda. Lakini nimekuja kuamini kwamba mtu anayekaribisha watu mwaka mzima ana haja moja ambayo bahari haiwezi kumtimizia, nayo ni kukaribishwa. Anataka asimame mlangoni kwa mtu, amechoka, na huyo mtu atoke ampokee mzigo.

Wazee wetu hawakuwa na neno likizo, lakini hawakukosa kupumzika. Watu wa mjini walikwenda mandari, familia nzima na masufuria yao, Bububu au Fumba au Chukwani, wakapika chini ya miembe wakarudi magharibi. Walikwenda shamba kupunga upepo. Masultani nao walifanya vivyo hivyo kwa ukubwa wao: Sayyid Said alijenga Mtoni, na mwanawe Barghash akajenga Chukwani ili kukimbia joto na msongamano wa mji. Na juu ya yote kulikuwa na kutembea. Kwetu mtu akisema anakwenda kutembea Pemba, hana maana ya kuzurura njiani. Ana maana anakwenda kwa watu, atalala kwao, atakula kwao, atachota maji kisimani kwao. Mimi nilikulia katika kutembea huko: Makunduchi kwa bibi mzaa mama, Wete kwa amu zangu, Dar es Salaam kwa mama mdogo. Sikuwahi kulipia kitanda.

Wenye uwezo zaidi huvuka mbali. Shangazi yangu yuko Muscat, mtu wa Unguja aliyeolewa kwenye familia ya Kiomani inayozungumza Kiswahili nyumbani mpaka leo, na kila mwaka ikifika Julai hunitumia video. Mtu angedhani atanionyesha majumba. Ananionyesha ukungu. Kiangazi cha Muscat kinapochoma, familia zinapanda magari na kwenda karibu kilomita 1,000 kusini mpaka Salalah, ambako kuanzia mwishoni mwa Juni mpaka Septemba upepo wa msimu huleta manyunyu, na milima inageuka kijani. Wanatandika mikeka kwenye nyasi mbichi, wananyeshewa, wanafurahi. Upepo huo ni huu huu wa kusi unaopita kwetu kwanza. Na niliwahi kumpokea mgeni wa Réunion aliyenieleza kwamba kwao watu wa pwani hupanda Cilaos, mita 1,200 juu ya bahari, kubadili hewa, wakawasha moto wa kuni jioni kwa raha ya kuuota. Watu wa Hawaii, nao, hukimbilia Las Vegas katikati ya jangwa, wengi kiasi kwamba mji huo wameupa jina la kisiwa cha tisa. Huko kuna kamari, jambo ambalo mimi siliwezi, lakini nasikia kinachowavuta zaidi ni kukutana na ndugu waliohamia.

Sisi tulikuwa na Mgosi.

Mgosi ni jina tunalomwita sote pale hotelini, kwa sababu ni Msambaa, na Msambaa mwanamume popote alipo Tanzania ataitwa mgosi. Ni mzee wa miaka sitini na kidogo. Analeta mboga. Karoti, kabichi, letusi, pilipili hoho, koliflawa, njegere: vitu ambavyo ardhi yetu ya matumbawe na joto letu havivipi nafasi, lakini mgeni anavitaka kwenye sahani. Vinatoka Lushoto kwa lori, vinavuka bahari, vinateremka bandarini Malindi, vinapita soko la Mwanakwerekwe, vinatufikia. Kila akija anapumzika kidogo mapokezi akisubiri kulipwa, nami humpa maji ya kunywa, na kila akinyanyuka husema, "Mwanangu, na wewe njoo kwetu siku moja. Kuna baridi nzuri." Alisema hivyo miaka saba. Mwaka jana, masika ilipoanza, nilimpigia simu nikamuuliza kama lile neno bado lipo.

Mama alifunga mizigo kama anayekwenda kuposa. Haluwa ya Wete. Karafuu kwenye chupa ya dawa. Mdalasini. Pweza mkavu amefungwa kwenye karatasi tatu na bado ananukia. Mkeka wa ukili aliousuka mwenyewe. Nikamwambia chukua sweta, akasema kanga nne zinatosha.

Boti saa mbili, Dar es Salaam usiku mmoja kwa mama mdogo pale Magomeni, alfajiri kituo cha Magufuli kule Mbezi. Basi tulilopanda liliharibika njiani na tulikaa saa tatu chini ya mwembe. Sina haja ya kulieleza zaidi. Kuanzia Segera mama alinyamaza. Milima ya Usambara ilikuwa imejitokeza upande wa kulia, ya samawati, imekaa kama ukuta wa nyumba isiyoisha, na chini yake mashamba ya mkonge yanakwenda kwa mistari. Mombo tuliteremka. Mombo kuna joto la kushangaza, joto lisilo na upepo, na mama akanitazama kwa macho ya kuuliza ndiyo baridi gani hii.

Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kilomita 33, zote za kupanda. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, kona inazaa kona, upande mmoja mwamba na upande mwingine mto unaonguruma chini. Mvua ilikuwa imeangusha udongo mahali pawili na vijana walikuwa wanausukuma kwa majembe. Masikio yaliziba yakazibuka. Kabla ya kufika Soni, pale maporomoko ya maji yanapoonekana toka barabarani, dereva alifungua dirisha lake na hewa ikaingia. Mama alitoa mkono nje, akauacha hapo, kisha akaunusa.

"Hainuki chumvi," akasema.

Kona mbili mbele alijifunga kanga ya pili. Soni, ya tatu. Tulipofika Lushoto, mji mdogo uliokaa ndani ya bonde kati ya mikalitusi na misunobari, alikuwa amejitanda kanga zote nne na meno yanagongana. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, kwa jina la Kaizari wao, na maofisa wao wa pwani walikuwa wakipanda huku kuikimbia homa na jua. Hata watawala walijua pa kwenda kupumzika kutoka kwetu. Mgosi alikuwa amesimama stendi na sweta la sufu mkononi, la mkewe, la kijani. Alimpa mama kabla ya kumpa salamu.

Nyumba yao iko juu ya mji, njia ya kwenda Magamba. Mkewe alitupokea mlangoni, akachukua mkoba wa mama, akachukua mkeka, akachukua hata kile kikapu changu kidogo, mpaka nikabaki sina cha kushika. Nilisimama pale mikono mitupu na nikaona haya, kwa sababu machozi yalikuwa yananilenga na sikuweza kueleza kwa nini. Alituketisha karibu na moto. Kisha akaleta karai la maji ya moto, akaliweka mbele ya mama, akasema dada tia miguu humo, safari ndefu. Akachota kiganja cha chumvi kwenye kopo. Mama akamshika mkono.

"Chumvi usitie, dada. Leo niache nionje maji yasiyo na chumvi."

Yule mama wa kilimani alipoiona miguu ilivyochanjwa na mawe, alielewa. Akarudisha chumvi kwenye kopo, akapiga goti, akaanza kuisugua miguu ile kwa mikono yake. Wanawake hawa wawili walikuwa wamejuana kwa dakika ishirini.

Siku mbili za kwanza tulikuwa wageni kamili. Tulilala chini ya mablanketi mawili. Tuliamka ukungu umejaa mpaka dirishani, huoni jiko liko wapi, unasikia tu kuni zinapasuka na mtu anakohoa. Chai ya maziwa yenye tangawizi. Makande. Mama alikuwa anakaa kwenye kigoda mlangoni, sweta la kijani limemfika magotini, anatazama ukungu unavyoondoka kidogo kidogo na kuachia mti mmoja, kisha mwingine. Sikuwahi kumwona akitazama kitu bila kukifanyia kazi.

Usiku Mgosi alitusimulia habari za Mbega. Nilimjua kidogo toka skuli, kutoka Habari za Wakilindi, kile kitabu cha Abdallah bin Hemedi kilichoandikwa kwa Kiswahili zaidi ya miaka mia iliyopita. Lakini kumsikia Mbega anasimuliwa ndani ya milima yake ni jambo jingine. Alikuwa mwindaji kutoka Nguu, alizaliwa kigego, meno ya juu yalitangulia, na ndugu zake wakamfukuza kwa kuogopa nuksi yake. Akaja Usambara na mbwa wake, akaua nguruwe mwitu waliokuwa wanamaliza mashamba, akagawa nyama, akasuluhisha magomvi, na Wasambaa wakamwomba awe mtawala wao. Kizazi chake kikatawala kutoka Vugha. "Alikuja mgeni," alisema Mgosi, "akafika watu wakamhitaji." Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akalipa hadithi kwa hadithi. Aliwaambia habari za Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kijiji alikozaliwa: Julai wanaume wanapigana kwa migomba kumaliza magomvi ya mwaka, kibanda cha makuti kinachomwa moto, wanawake wanaimba, na siku hiyo kila nyumba itafute mgeni. Nyumba isiyo na mgeni Siku ya Mwaka haina heri. Mke wa Mgosi aliuliza mara mbili: hata mgeni wa mbali? Wa mbali ndiye bora, mama akamjibu.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu jembe. Asubuhi ya siku ya tatu mama alivua kanga moja, akaifunga kiunoni, akauliza shamba liko wapi.

Tuliteremka bondeni. Huko chini udongo ni mweusi, unashika maji, na mito midogo imeelekezwa kwa mifereji iliyochimbwa kwa mkono, inapita kati ya matuta ya mboga yaliyonyooka kama mistari ya daftari. Wenyeji walikuwa wanavuna letusi. Kisu kifupi, unakata chini kabisa, unavua majani mawili ya nje yenye udongo, unatikisa, unapanga kwenye tenga lililotandikwa majani ya mgomba, vichwa vikitazama juu. Mama alijifunza kwa kutazama, na baada ya nusu saa mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Mke wa Mgosi akamwambia asogeze nyanya. Mama akatazama huku na huku. "Tungule hizo," nikamwambia. Baadaye ikawa zamu ya mwenyeji kutafuta, mama alipoomba mbatata akiwa na maana ya viazi, na jioni, alipoomba viazi akaletewa hizo hizo mbatata, akashangaa mbona si vitamu, maana kwetu ukisema viazi bila kuongeza neno ni vile vitamu. Walikaa wakapanga majina ya mboga moja moja, lugha moja, bahari katikati.

Mimi nilikuwa nimekamatwa na lile tenga. Nililijua. Kwa miaka mingi nimeliona likiteremshwa kwenye mlango wa nyuma, na mara nyingi nililijua kwa malalamiko tu: limechelewa, majani yamesinyaa, mpishi amekasirika, mgeni wa meza ya nne anasubiri saladi. Sasa nilikuwa upande wake wa kwanza, umande bado uko kwenye majani, na mtoto wa darasa la pili analifunga kwa kamba kabla ya kwenda shule. Nikamuuliza Mgosi tenga hili linakwenda wapi, maana hoteli zetu zimefungwa. Akaniambia Dar, kwa bei ya hasara. Akanionyesha tuta zima la kabichi zilizopasuka. Aprili na Mei, akasema, mkifunga nyinyi na sisi kabichi inalala shambani. Mvua yenu ndiyo mvua yetu.

Na ndipo akaniambia jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Katika miaka yote ya kuleta mboga Unguja, hajawahi kukanyaga ufukwe. Anafika Malindi, anapanda gari la mizigo, anashusha, anasubiri malipo mbele ya meza yangu huku bahari iko hapo hapo, anaondoka na gari lile lile kuwahi boti. "Naiona kwa juu ya bega lako," alisema. Mkewe hajawahi kuiona kabisa.

Miaka saba nilimpa maji ya kunywa. Sikumwambia hata siku moja, baba, toka nje kidogo.

Siku ya sita walitupeleka Irente. Ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka mjini, kati ya mashamba na nyumba za udongo, na mwishoni njia inatokeza kwenye mwamba, na chini ya mwamba hakuna kitu. Mlima umekatwa wima. Chini kabisa, kama mita elfu, iko Mazinde, mabati yake yanametameta, na mkonge, na barabara kuu inayokwenda Moshi yenye malori madogo kuliko mchwa, na baada ya hapo nyika ya Wamasai inakwenda na kwenda. Vivuli vya mawingu vilikuwa vinatambaa juu yake. Watoto walikuwa wanauza vinyonga na wengine wanawatazama tu wageni. Mama alisogea karibu na ukingo kuliko nilivyopenda.

"Inaishia wapi?" akauliza.

Mgosi akafikiri anauliza mwamba. Alikuwa anauliza nchi. Kwetu kila njia ukiifuata inaishia majini. Ukienda kutwa moja kokote utokako utaona bahari, na mtu anakua akijua kwamba dunia ina ukingo na ukingo huo una maji. Mgosi akamwelekeza kwa mkono: huko ni Handeni, huko ni Simanjiro, mbele ni Dodoma, na mbele zaidi. "Na mbele zaidi?" Bado nchi. Mama alikaa chini, akanyoosha miguu yake, na kwa muda mrefu hakutaka kuondoka. Niliketi kando yake. Hakusema anawaza nini nami sikumuuliza.

Alfajiri ya siku yetu ya mwisho niliamshwa na mlango. Mama alikuwa ametoka nje kwa ajili ya swala, na nilipomfuata nilimkuta amesimama uani, pumzi yake inatoka nyeupe, anatazama mashariki juu ya mikalitusi. Ukungu ulikuwa umeshuka bondeni na mbingu iko safi. Mwezi ulikuwa umebaki ukucha.

"Maji yanaanza kukua," akasema. Kilomita nyingi na mlima mzima kutoka baharini, na alikuwa anaona kamba zake.

Tulirudi na gunia la mbatata, tenga la karoti, chupa ya asali na lile sweta, ambalo mwenyewe alikataa kulipokea tena. Mama alilala nyumbani kwake mwezi ishirini na sita, siku moja kabla ya ahadi, na bamvua lilipofika alikuwa ndani ya maji na wenzake akiwasimulia habari za nchi isiyo na ukingo. Hoteli ilifunguliwa Juni. Tenga la kwanza lilipofika nililitoa mikononi mwa mpishi, nikalifungua mwenyewe, nikanusa.

Mgosi alipokuja kuchukua malipo nilimwomba mwenzangu anishikie meza, nikatoka naye. Alivua viatu, akavipanga sawasawa kwenye ngazi, akakunja suruali. Maji yalikuwa yamekupwa, ikatubidi tutembee mbali sana, na njiani akainama kuokota kipande cha mwani kilichotupwa na mawimbi, akakipinda, akakinusa, akauliza kinapandwa kwa mbegu au kwa kipande. Kwa kipande, nikamwambia. Kama viazi vitamu, akasema.

Mkewe anakuja Julai, Siku ya Mwaka. Mimi sitakuwepo Makunduchi, maana Julai vyumba vyote vimejaa na likizo haipo, lakini mama ameshatengeneza kitanda, na mkeka mpya umekwisha. Wanapigiana simu karibu kila jioni. Juzi nilikuwa barazani nikawasikia. Mgeni wetu alikuwa na swali. Mumewe amemwambia kwamba bahari yetu huwa inaondoka, inaacha mchanga mtupu, na yeye hataki kusafiri safari yote ile aikose. Siku hiyo atakayofika, itakuwepo au itakuwa imekwenda?

Mama akamwambia subiri hapo hapo, dada. Akaiweka simu juu ya kigoda bila kuikata, akatoka uani kutazama mwezi.